Enguserosambu, maji yakiwa bado mazima

Sisi wa Musoma tunayapokea maji ya Mto Mara yakiwa yamechoka. Yametembea karibu kilomita 400 tangu msitu wa Mau nchini Kenya. Yamepita kwenye mashamba ya chai na ngano, yamevuka Masai Mara na Serengeti, yamepokea vijito vya Tarime vinavyopita jirani na machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, yakatawanyika kwenye matete ya bonde la chini, ndipo yakapita chini ya daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Kazi yangu ya uandishi imenikutanisha mara nyingi na watu wa huku chini wanaolalamikia maji, na mara nyingi malalamiko yao yamegonga mwamba uleule. Anayelalamika anasema maji yamebadilika. Anayelalamikiwa anamuuliza: yamebadilika kutoka yapi?

Swali hilo ndilo lililonipandisha basi. Nilitaka kufika mahali ambapo maji hayajapita kwenye mgodi wala kiwanda, nione watu wanaoishi nayo wanayatunzaje, na kama yupo anayeweka kumbukumbu zake. Nikachagua Enguserosambu, kata ya wilaya ya Ngorongoro inayopakana na Kenya, kwa sababu ya mahali ilipokaa. Nyanda za juu za Loliondo zinagawa maji. Mvua inayonyesha upande wa machweo hushuka kwenye vijito vya Serengeti, na kule mpakani Mto Sand unateremka kutoka vilima vya Loita mpaka unakutana na Mara. Inayonyesha upande wa mashariki hutumbukia Bonde la Ufa na kuishia Ziwa Natron, ambako haina pa kutokea tena. Kiserikali nchi yetu ina mabonde tisa ya maji, na hapa mawili yanapeana mgongo: Bonde la Ziwa Victoria lenye ofisi yake Mwanza, na Bonde la Kati lenye ofisi yake Singida. Mtu wa Loliondo akitaka kuuliza habari za maji yake inabidi kwanza aangalie ardhi imelalia upande gani.

Kutoka Karatu tuliteremka hadi Mto wa Mbu, na hapo nikahamia basi la Loliondo, lile la kwenda kaskazini chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Lami iliishia nyuma yetu. Vumbi likaingia kwa madirisha yaliyofungwa na yaliyo wazi bila ubaguzi, na abiria wazoefu wakajifunika shuka mpaka machoni. Jirani yangu, mzee mmoja wa Kimasai aliyepakata chupa za dawa ya kupe, aliniuliza ninakwenda kwa nani. Nikamwambia ninakwenda kuona maji. Hakushangaa. Aliniuliza tu kama nimetumwa na watu wa magadi.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Njia nzima tuliyokuwa tunapita ni njia ya magadi. Engaruka, tuliyoiacha mkono wa kushoto, inajulikana kwa mabaki ya kijiji cha kale na mifereji ya mawe ambayo wakulima wa karne zilizopita waliitumia kumwagilia mashamba kwenye nchi kavu kama ile. Leo inajulikana pia kwa magadi yaliyoko chini ya ardhi, ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, limekuwa likiyapangia kiwanda. Kabla ya Engaruka ilikuwa Natron yenyewe. Mwaka 2006 NDC na kampuni ya Tata Chemicals ya India walileta mpango wa kuvuta maji ya ziwa kwa mabomba na kuzalisha tani 500,000 za magadi kwa mwaka. Karibu flamingo wadogo wote wa Afrika Mashariki huzaliana katika ziwa hilo, nalo liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2001. Kelele zikawa nyingi, ndani na nje ya nchi, na mwaka 2008 Tata ikajitoa.

Waliopinga walizungumza zaidi kuhusu ndege, na ndege walistahili kusemewa. Lakini mzee yule wa dawa ya kupe alikuwa na hesabu nyingine. Kiwanda kinahitaji maji matamu kwa kuoshea, kwa mitambo na kwa wafanyakazi. Kando ya Natron maji matamu ni ya mito michache inayoteremka kutoka juu: Ngaresero, Pinyinyi, Moinik, na Ewaso Ng'iro inayotoka Kenya. "Hiyo mito ndiyo inanywesha ng'ombe wote unaowaona," alisema, akionyesha kwa kidevu. "Ukiichukua, haya ya ziwa nani atayanywa?" Maji ya Natron yana magadi makali kiasi cha kuunguza ngozi, pH yake hupita 10. Hakuna anayeyanywa.

Oldoinyo Lengai ulikuwa umevaa wingu tulipoupita. Baada ya Ngaresero basi lilianza kupanda ukingo wa bonde kwa kona moja baada ya nyingine, na kutoka juu nikaliona ziwa lote limelala chini, jekundu sehemu moja, jeupe sehemu nyingine. Nilijitahidi kufuata kwa macho mistari ya kijani inayoliendea. Kila mstari ulikuwa mto, na kila mto ulikuwa unatoka nyuma yangu, kule nilikokuwa ninakwenda.

Sale, halafu lami tena, na watu wakafunua nyuso. Huku ni nchi ya Wasonjo, wenyewe wakijiita Watemi. Msomaji atakumbuka Samunge, walikofurika maelfu kwa maelfu mwaka 2011 kufuata kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Mimi ninawaheshimu Wasonjo kwa jambo la zamani zaidi. Vizazi na vizazi wamelima kwa mifereji inayotoka kwenye chemchemi za vilima vyao, na kugawana maji kulikuwa chini ya baraza la wazee, wenamiji, ambao kauli yao juu ya zamu ya nani na faini ya nani ilikuwa sheria. Mtu aliyeharibu mfereji alikuwa ameukosea mji mzima. Nimesoma sheria zetu za mazingira na za maji, nami nasema bila kusita kwamba hawa walifika mapema.

Nililala Wasso. Asubuhi kijana wa bodaboda alinifungia mkoba nyuma ya pikipiki kwa mpira, akanipa koti lake la ziada kwa sababu langu lilikuwa la mtu wa ziwani, tukaondoka.

Baridi ya huku ni ya kweli. Ukungu ulikuwa bado umekaa mabondeni, ng'ombe wakitoka maboma mmoja mmoja, na upande wa mashariki ukasimama msitu. Ni msitu wa mierezi na mizeituni pori, miti mirefu yenye ndevu za kuvu zinazoning'inia, unaoungana na ule wa Loita upande wa Kenya. Vijiji vya kata hii vinausimamia wenyewe. Wazee walinieleza masharti yake kabla sijauliza: kuni ni za mti uliokauka, mti mbichi hauguswi bila ruhusa, moto ni marufuku, ng'ombe wanaingia kiangazi kikizidi na wanatoka mvua ikirudi. Kuna dawa humo, kuna asali, kuna mahali pa matambiko. Lakini kila mazungumzo yaliishia kwenye maji. Msitu huu unadaka ukungu na mvua, unaziachia polepole ardhini, na chemchemi zinatoka chini yake mwaka mzima wakati nyanda za chini zimekauka.

Chemchemi niliyopelekwa iko chini ya mtini mkubwa. Imezungushiwa uzio wa nguzo za mwerezi na matawi ya miiba, wenye mlango mmoja mwembamba ambao punda hapiti. Maji yanatoka kati ya mawe mawili, yanajaa kwenye shimo lisilofika magotini, halafu yanatoka kwa bomba la plastiki hadi kwenye birika la ng'ombe, hatua nyingi chini ya uzio. Akina mama wanachota ndani kwa bakuli na kujaza madumu ya lita ishirini. Punda wanasubiri nje. Hakuna anayefua pale. Hakuna anayeoga. Mama mmoja mzee alikuwa ameinama anatoa majani kwenye maji, moja moja, anayatupa nje ya uzio.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia kwa Kimasai. Yeyo ni mama.

"Iko," alijibu bila kuinua kichwa. Kijana wangu akamweleza kwa Kimasai nilikotoka. Alinichotea bakuli, akasubiri ninywe. Maji yalikuwa baridi, hayana ladha ya chuma wala ya chumvi. Nilikuwa na karatasi za kupimia asidi mkobani. Nikachovya moja, ikabadilika rangi kidogo, ikasimama kwenye 7, katikati kabisa. Yeyo akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaitazama pande zote mbili, akauliza inasema nini. Nikamwambia inasema maji hayana ukali. Akasema hilo angeniambia yeye.

Ni kweli, na ndiyo shida yenyewe. Anajua, lakini anachokijua hakijaandikwa popote.

Mchana tulikaa na wazee kivulini, pamoja na akina mama wa kamati ya maji, na nikaombwa nieleze kwa nini mtu atoke Musoma kuja kunywa maji Enguserosambu. Nikawasimulia Tigithe.

Tigithe ni mto mdogo tu. Unapita kando ya mgodi wa North Mara, ule wa Nyamongo, uliofunguliwa mwaka 2002 na kushikwa na kampuni ya Barrick tangu 2006, kisha unaingia Mara. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini na kuingia humo. Kampuni ilikiri kuvuja, ikasema wezi walikuwa wameiba utando wa plastiki uliotandikwa kuzuia maji hayo. Wanakijiji walisema watu walipata vidonda na mifugo ikafa. Kampuni haikukubali kwamba vifo vilitokana na maji yake. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Norway walichukua vipimo vya maji na udongo, na katika maandishi yao ya 2012 aseniki ilikuwa miongoni mwa vilivyowatia wasiwasi. Miaka ikapita. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la topesumu, na Julai likazuia bwawa hilo lisitumike. Septemba mwaka huohuo Barrick ikaichukua yote kampuni yake tanzu ya Acacia, iliyokuwa ikiuendesha mgodi, na baadaye serikali ikaingia ubia kwa hisa 16 katika kila mia.

Mzee mmoja aliuliza jiwe linatoaje asidi. Ni swali ambalo watu wengi wa mjini hawaulizi, nikalijibu kwa kirefu. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi una salfaidi ndani yake, madini yanayong'aa ambayo wengi huyadhania kuwa dhahabu. Yakiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, hayana neno. Mgodi unayatoa, unayavunja, unayarundika juani. Hewa na mvua vinayageuza kuwa asidi, na asidi inapopita kwenye mawe mengine inayeyusha vilivyomo, shaba, risasi, aseniki, na kuvibeba hadi mtoni. Jambo hilo halikomi mgodi ukifungwa. Rundo lile litaendelea kutoa asidi wajukuu wakiwa wazee. Sayanaidi inayotumika kukamulia dhahabu ina sumu ya haraka, lakini jua na hewa huivunja. Asidi ya mawe ina subira. Na wachimbaji wadogo nao wanatumia zebaki, inayozama kwenye tope na kuingia kwa samaki. Watanzania tuliridhia mkataba wa Minamata wa kuidhibiti mwaka 2020, na mashimoni bado inashikwa kwa mikono mitupu.

Kisha nikawasimulia Kirumi, na hapo baraza likachangamka.

Machi 2022 samaki walielea wamekufa, maji yakawa meusi yenye harufu. Waziri wa mazingira wa wakati huo, Selemani Jafo, aliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, aliyewahi kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kamati ikatoa jibu: si mgodi. Kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza bondeni, vilimaliza oksijeni majini. Nchi nzima ililipuka kwa hasira. Watu walisema ng'ombe walikuwepo tangu enzi za mababu, mbona samaki hawakufa?

Nilitegemea wazee wa Enguserosambu, wenye ng'ombe, wacheke au wakasirike. Hawakufanya hivyo. Mmoja, mwenye masikio yaliyotobolewa na kuning'inia hadi karibu na mabega, alisema kinyesi kinaweza kuharibu maji, ndiyo maana birika liko chini na uzio uko juu. Aliyasema hayo kwa uzito wa mtu anayeitetea kazi yake. Na sayansi iko upande wake. Mwaka 2018 watafiti waliandika kuhusu Mara ya Kenya, penye viboko zaidi ya 4,000: mavi yao yanajikusanya kwenye vidimbwi wakati maji ni haba, mvua kubwa inayasukuma yote kwa mkupuo, oksijeni inaisha, samaki wanakufa kwa wingi. Bila mgodi wowote. Kwa hiyo kamati ilisema jambo linalowezekana. Wananchi nao, waliokwisha kuona Tigithe, walikuwa na kila sababu ya kutoliamini.

Msimamo wangu ni kwamba mzozo ule usingemalizwa na kamati yoyote, hata ingekuwa ya malaika, kwa sababu wananchi hawakuwa na chochote mkononi cha kulinganisha. Anayekwenda kupima maji siku ya maafa anapima maafa. Kujua ni kiasi gani kimeongezeka kunahitaji mtu awe amepima siku za kawaida, kiangazi na masika, mwaka baada ya mwaka, kabla ya kijiko cha kwanza cha mtambo kugusa ardhi. Kampuni huwa zinavyo vipimo vya namna hiyo. Sheria inazitaka zifanye tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Wanakijiji hawana. Siku ya mabishano upande mmoja unakuja na jedwali, mwingine unakuja na kumbukumbu ya bibi, na kumbukumbu ya bibi, hata iwe sahihi kiasi gani, haipokelewi.

Niliwaambia wazi kwamba sijasikia wakitajiwa mgodi mkubwa kwenye msitu wao, wala sikuja kuwatisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na mzee mmoja aliijua namba hiyo kuliko mimi. Lakini mita 60 ni ulinzi dhidi ya jirani mwenye jembe. Maji ya chemchemi yanatoka mbali chini ya ardhi. Shimo likichimbwa kilimani, mbali kabisa na uzio wa yeyo, linaweza kumfikia.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa makamo mwenye daftari la michango lililofunikwa kwa gazeti, aliuliza kupima kunafanyikaje. Nikamweleza ninachojua. Serikali ina maabara ya ubora wa maji Arusha. Chupa ya kupimia metali hutiwa asidi kidogo maalumu wakati wa kuchota, la sivyo metali zinaganda kwenye kuta za chupa na maji yanaonekana masafi kuliko yalivyo. Ya vijidudu hukaa kwenye barafu na kufika haraka, na Arusha si karibu. Inafaa afisa wa maji wa wilaya awepo, ili siku ya siku mtu asiseme chupa zilijazwa bombani.

Mabishano yakaanza, mazuri, ya Kimasai, kila mtu akisimama na fimbo yake zamu yake ikifika. Wengine walitaka chemchemi ya mtini peke yake, kwa kuwa ndiyo kubwa. Wengine wakasema zile za ndani ya msitu ndizo za kwanza kudhurika. Kijana mmoja akataka gharama zitolewe kwenye fedha za msitu, mwingine akakataa akataka mbuzi wachangwe. Yeyo wa chemchemi alikuwa amefika na kukaa nyuma kabisa. Alipopewa nafasi alisema wapime na birika la ng'ombe, kwa sababu anayekunywa pale ndiye wanayemla na kumkamua. Kisha akasema tarehe iandikwe vizuri, maana maji ya Aprili si maji ya Oktoba na yeye hataki mtu aje kuyachanganya.

Hilo la yeyo lilipita. Mwenyekiti aligeuza daftari la michango, akaanzia ukurasa wa nyuma, akapiga mistari kwa ukingo wa fimbo ya jirani yake: chanzo, mwezi, hali ya hewa, rangi, harufu, nani amechota. Kabla sijaondoka aliniomba zile karatasi za asidi zilizobaki. Nilimwachia kopo zima.